Pentagon Hawajaua Manunuzi, Wamewagusa Wanaonunua

Tangu Novemba 2025, Pete Hegseth, waziri anayeongoza Pentagon, yani wizara ya ulinzi ya Marekani, aliposimama pale Fort McNair mjini Washington akatangaza kwamba mfumo wa zamani wa manunuzi ya ulinzi wa Marekani umekufa, habari hiyo haijaacha kuzunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Arusha, hasa yale ya watu wa ugavi, na karibu kila anayeishea anaisindikiza na maneno yale yale: hata Mmarekani kachoka na zabuni, kafuta taratibu, jeshi sasa linanunua linachotaka kwa muda linaoutaka, sisi tu ndio tumebaki kung'ang'ania bodi ya zabuni na makaratasi. Juzi nimekuta mtu mzima kabisa, mwenye CPSP yake, cheti cha utaalamu wa ununuzi na ugavi, anaandika kwamba huo ndio ushahidi kuwa kada yetu inaelekea kufa. Mimi naona habari hii tumeisoma nyuma mbele. Kilichotokea kule, ukiacha mbwembwe za jukwaani, ni serikali kukubali kwamba silaha zinachelewa kwa sababu ya namna wanunuzi wake walivyofundishwa, walivyopangwa na wanavyopimwa, ikaamua kuwagusa hao watu. Na hoja yangu ni kwamba ukiondoa kanuni kabla hujawa na watu wenye uwezo wa kuamua wenyewe, kasi huipati, unachopata ni hasara inayokuja mapema zaidi. Sisi Watanzania hilo tunalijua kuliko wengi manake tulishalilipia.

Tuanze na kilichotangazwa chenyewe. Ofisi zilizokuwa zinasimamia programu moja moja zinapangwa upya chini ya wakuu wachache wanaobeba kundi zima la silaha zinazofanana, wenye mamlaka ya kutoa hela kwenye mradi unaosuasua na kuipeleka kwenye mradi unaokwenda, na wanatakiwa wakae kwenye nafasi hizo muda mrefu zaidi ili matokeo yawe yao wenyewe, yasiwe ya atakayewarithi. Chuo chao cha manunuzi ya kijeshi, Defense Acquisition University, chenye makao Fort Belvoir kule Virginia, nacho kimeambiwa kibadilike, kiitwe Warfighting Acquisition University, kiache kufundisha utii wa taratibu peke yake kifundishe watu kuamua. Sasa nchi inayotaka kuua kada ya manunuzi ingehangaika na chuo cha manunuzi cha nini, ingekifunga tu ikaokoa hela. Watu wameshika sehemu ya hotuba inayosema urasimu ukome, wakaiacha ile inayosema nani atakaa kwenye kiti urasimu ukishaondoka, na hiyo ya pili ndio nzito.

Na hicho chuo hakikuota chenyewe kama uyoga. Miaka ya 1980 Marekani ilichafuka kwa kashfa za nyundo na mifuniko ya vyoo iliyonunuliwa kwa mamia ya dola, Rais Reagan akaunda tume chini ya David Packard, mmoja wa waanzilishi wa Hewlett-Packard aliyewahi pia kuwa naibu waziri wa ulinzi, na mwaka 1986 tume ikatoka na jibu ambalo wengi hawakulitegemea. Wananchi walisubiri kusikia wezi ni wakina nani, tume ikasema moja ya shida kubwa ni kwamba wanaonunua hawajafundishwa vya kutosha, wanalipwa kidogo na hawana uzoefu. Ndio mwaka 1990 Bunge lao likapitisha sheria maalumu ya kuboresha watumishi wa manunuzi ya ulinzi, ikataja nafasi nyeti, ikaweka elimu, mafunzo na uzoefu ambao mtu lazima awe nao kabla ya kukalia nafasi hiyo, ikazaa hicho chuo, ikasema msimamizi wa mradi mkubwa akae miaka 4 au mpaka hatua kubwa ya mradi ikamilike. Mpaka leo mtumishi wa kada hiyo anatakiwa akusanye pointi 80 za kujiendeleza kila baada ya miaka 2, na idadi yao ni zaidi ya watu 150,000. Hii ni kada kubwa kuliko majeshi ya nchi nyingi tu za Afrika, na ndani yake hakuna wa mikataba peke yao, kuna mainjinia, wanaofanya majaribio ya vifaa, wanaokadiria gharama, wanaopanga vipuri na matengenezo kwa miaka yote chombo kitakapokuwa kazini.

Lakini hawa hawa waliotunga sheria nzuri ndio waliokuja kuiharibu wenyewe, na hapa ndipo somo letu lilipo. Vita Baridi ilipoisha wakaona watu wa manunuzi ni mzigo, wakakata. Mkaguzi wa ndani wa Pentagon alionyesha kwamba kada hiyo ilishuka kutoka watu zaidi ya 460,000 mwaka 1990 mpaka kama 230,000 mwaka 1999, yani nusu nzima imeondoka ndani ya miaka 9, na wakaondoka na uzoefu wao. Mwaka 2003 vita ya Iraq ikaanza. Mwaka 2007 ikaundwa tume nyingine, hii chini ya Jacques Gansler ambaye aliwahi kuwa mkuu wa manunuzi Pentagon, ikakuta kazi ya mikataba kwenye jeshi la nchi kavu imeongezeka mara 7 huku watu wakiwa walewale au wamepungua, na nusu hivi tu ya waliokuwa kwenye kazi ya mikataba ndio wenye sifa za nafasi walizokalia. Na kuna hili ambalo mimi naliona zito kuliko yote: mwaka 1990 jeshi hilo lilikuwa na majenerali 5 waliokulia kwenye mikataba, mwaka 2007 halikuwa na hata mmoja. Maana yake luteni mwenye akili aliyekuwa anaangalia pa kwenda aliona kabisa kwamba njia hiyo haifiki juu, akaenda kwingine.

Matokeo yake yalionekana kule Kuwait, kambi ya Arifjan. Meja mmoja aliyekuwa afisa mikataba alikuwa anatoa mikataba ya vitu vya kawaida kabisa, maji ya chupa ya kunywa wanajeshi, na mwaka 2008 alikiri mahakamani kupokea rushwa ya dola milioni 9.6, akaja kufungwa miaka 17 na nusu. Maji ya chupa jamani. Hakukuwa na teknolojia ya siri hapo wala ndege ya kivita, kulikuwa na mtu mmoja mwenye kalamu ya kusaini na hakuna mtu wa pili mwenye ujuzi wa kutosha wa kukaa kando yake na kuuliza kwa nini huyu kapewa na yule kanyimwa. Wanaosema Marekani sasa imegundua kwamba kanuni ndizo tatizo wanasahau kwamba ilishawahi kuwa na kipindi cha kanuni nyingi na watu wachache, na kipindi hicho ndicho kilichowazalishia zile kanuni nyingine wanazolalamikia leo, manake mara nyingi kashfa ilipotokea ilikuwa rahisi kuongeza fomu kuliko kuongeza mtu anayejua kazi.

Turudi nyumbani. Hakuna Mtanzania aliyefika umri wangu asiyejua chenji ya rada. Mfumo wa rada kutoka BAE Systems ya Uingereza ulinunuliwa kwa pauni milioni 28, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa matumizi ya jeshi na ya ndege za abiria kwa pamoja, Clare Short aliyekuwa waziri ndani ya serikali ya Tony Blair akaupinga hadharani, wataalamu wa anga walioombwa kuukagua wakasema ni ghali na hautoshi kwa kuongoza ndege za abiria, lakini ukanunuliwa. Baadaye ikajulikana kwamba karibu theluthi moja ya thamani ya mkataba ilipita kwa dalali, kampuni ikakiri mwaka 2010 mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za malipo hayo, na mwaka 2012 zikarudi pauni milioni 29.5 zikanunua vitabu na madawati. Sisi tumeikariri stori hiyo kama stori ya ufisadi tu, na ufisadi ulikuwepo, lakini mimi kila nikiifikiria narudi kwenye swali la nani alikuwa amekaa upande wetu wa meza. Upande wa pili kulikuwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuuza rada. Ili uwakatalie watu kama hao unahitaji mtu wako anayejua rada ya kiraia inauzwaje duniani, anayejua kutenganisha mahitaji ya jeshi na ya usafiri wa anga, anayejua vipuri vitagharimu nini mwaka wa kumi, na mwenye cheo cha kutosha kiasi kwamba akisema hapana, hapana yake inaandikwa kwenye muhtasari na bosi wake hawezi kuiruka kimya kimya. Dalali anatengeneza hela pale ambapo mnunuzi hajui.

Uganda nao walipita huko huko. Zile helikopta za Mi-24 walizochukua Belarus mwishoni mwa miaka ya 1990, zilizokuja kukutwa hazifai kuruka, zilifanya iundwe tume ya Jaji Julia Sebutinde, huyu huyu ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Helikopta chakavu mtu hahitaji kupekua mafaili ili kuijua, inahitaji fundi aliyefundishwa aende kuikagua kule inakotoka kabla hela haijatoka.

Sasa kuna hoja zinazotolewa kupinga haya, na sio zote ni za kupuuza. Ile dhaifu kuliko zote ndio inayopendwa zaidi mitandaoni, kwamba jeshi ni siri, manunuzi ya jeshi hayawezi kuwekewa wataalamu wa ununuzi wa kiraia na taratibu zao, afande ajue mwenyewe. Anayesema hivi anadhani jeshi linanunua makombora tu. Jeshi lolote, la kwetu au la nani, linanunua pia, na kwa wingi, mchele, maharage, dizeli, matairi, mablanketi, dawa, saruji, buti. Ndio maana sheria zetu za ununuzi zimekuwa na utaratibu wa orodha mbili kwa vyombo vya ulinzi, moja ya vitu vinavyonunuliwa kwa wazi na moja ya vile vyenye usiri, kwa hiyo hata mtunga sheria anajua maharage sio siri ya taifa. Ukraine wakiwa katikati ya vita, Januari 2023, gazeti moja lilifichua kwamba wizara yao ya ulinzi ilikuwa inanunua mayai ya wanajeshi kwa hryvnia 17 yai moja wakati dukani Kyiv yai lilikuwa kama hryvnia 7. Naibu waziri akaachia ngazi, na kabla mwaka haujaisha waziri mwenyewe naye akaondolewa. Hawakusema tuko vitani, tufiche. Walichofanya ni kuanzisha wakala wa pembeni wa kununua chakula, nguo na mafuta, wakamuweka raia aliyekuwa anaongoza manunuzi ya dawa ya serikali aukalie. Kama nchi inayopigwa makombora kila usiku iliona usiri haulindi mayai, sisi tulio kwenye amani tunaficha nini.

Na nitoe mfano wa karibu kabisa kwa sababu mambo haya yakibaki kwenye rada na helikopta mtu anaona hayamhusu. Kuna taasisi moja ya umma mkoani kwetu ilinunua buti za walinzi, nikaziona siku zinapokelewa. Kamati ya mapokezi ilikuwa na mhasibu, dereva na dada wa masjala, watu waaminifu kabisa, wakafungua maboksi, wakahesabu jozi, wakaangalia namba za miguu, wakaangalia rangi, wakasaini. Maelezo ya mahitaji yalisema buti nyeusi za ngozi, imara, basi, na kweli zilikuwa nyeusi na kwa macho zilikuwa ngozi. Masika ilipoingia soli zikaanza kufumuka kuanzia kidoleni manake zilikuwa zimegundishwa tu hazijashonwa, na ngozi yenyewe ilikuwa tabaka la chini lililopakwa plastiki juu, likapasuka pale mguu unapokunja. Mzabuni hakuvunja mkataba hata kidogo, alileta kilichoandikwa. Hakuna aliyekula rushwa hapo, lakini hela ya umma ilipotea vilevile kama ambavyo ingepotea kwa rushwa. Mtu aliyefundishwa angeandika aina ya ngozi, unene wake, soli iwe imeshonwa, ipimwe mara ngapi kwa kukunjwa, kabla ya kulipa jozi kadhaa zichukuliwe zikapimwe. Na kwa sisi wa kaskazini uchungu unazidi ukikumbuka kwamba pale Karanga Moshi kuna kiwanda cha viatu cha ubia wa Magereza na mfuko wa pensheni wa PSSSF, kinaweza kushona buti, lakini kiwanda cha ndani hakiwezi kushindana na mzigo wa bei rahisi kama anayeandika mahitaji hajui kuandika ubora, anabaki na kitu kimoja tu cha kulinganisha, bei. Tunaimba kila siku kununua vya nyumbani, na kumbe kinachokwamisha ni aya moja kwenye nyaraka ya zabuni iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuingia kiwanda cha ngozi.

Hoja ya pili ni nzito kidogo, nayo inasema mfumo umeshamaliza mchezo. Tangu 2023 tuna NeST, mfumo wa zabuni za serikali wa mtandaoni uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, na tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 iliyoanza kutumika katikati ya 2024. Mimi ni shabiki wa NeST na nasema hivyo bila kusita. Zile enzi za bahasha kufunguliwa chumbani jioni, za mzabuni kuambiwa fomu yako haikufika, za mtu kukaa getini anasubiri saa nne kamili apenyeze ya kwake, zimebanwa sana, na kijana wa Moshi mwenye kampuni ndogo anaomba zabuni ya Mtwara bila kupanda basi. Lakini mfumo unalinda mlango, haulindi kilichoingizwa ndani. Ukiandika mahitaji mabovu NeST itakutangazia mahitaji mabovu nchi nzima kwa uwazi mkubwa, itakupokelea zabuni kwa haki, itakupatia mshindi halali wa kukuletea buti zisizofaa. Na baada ya sahihi, kipindi ambacho hela nyingi huvujia, kuanzia mabadiliko ya mkataba, ucheleweshaji, nyongeza za bei, vipuri visivyokuja, mpaka mafunzo ya watumiaji yaliyoahidiwa yakayeyuka, hapo bado anahitajika mtu wa kupiga simu, kwenda stoo, kufungua boksi, kuandika barua ya madai kabla siku za dhamana hazijaisha. Kwenye vifaa vya jeshi hilo ni kubwa zaidi kwa sababu gari au mtambo unakaa kazini miaka ishirini na zaidi, na gharama ya kuutunza inaweza kuipita mbali ile ya kuununua.

Hoja ya tatu naiheshimu. Inasema ukimsomesha huyo mtu ataondoka. Arusha tunaliona hili vizuri kuliko mikoa mingi, tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa, tuna taasisi ya Umoja wa Mataifa pale Lakilaki, tuna mashirika na makampuni ya utalii yanayohitaji afisa manunuzi mzuri na yanalipa. Kijana anasomeshwa na serikali, anapata uzoefu, anachukuliwa. Jeshini ni tofauti kidogo manake mtu haachi kazi kirahisi, lakini jeshi lina kuondoka kwa aina nyingine, uhamisho. Afisa anakaa kwenye kitengo cha ununuzi miaka miwili mitatu, ndio kwanza anaanza kuwajua wazabuni na ujanja wao, anapangiwa kikosi kingine, anakuja mwingine kuanza moja. Kwa uongozi wa kivita uhamisho una maana yake, kamanda anatakiwa ajue mambo mengi, sipingi. Ila mzabuni hahamishwi. Yeye yupo pale pale mwaka wa kumi na tano, anakumbuka kila mkataba, na kila afisa mpya akija anamkaribisha yeye. Dawa ya hili Wamarekani waliiona tangu 1990 kwa kufunga muda wa msimamizi wa mradi mkubwa, na mageuzi ya sasa yanakazia hapo hapo, kwa hiyo ukiniuliza ni kipi kwenye hotuba ya Hegseth kinachofaa kuigwa na nchi isiyo na hela nyingi nitakwambia ni hicho, hakina gharama yoyote zaidi ya kubadilisha ratiba ya uhamisho na kumhakikishia afisa huyo kwamba kukaa hapo hakutamnyima cheo.

Kuna na wanaosema mafunzo yameshakuwa biashara ya vyeti, semina, posho, picha ya pamoja, tunarudi. Hapa nakubaliana nao karibu kwa yote. Hata Marekani walijikuta na utitiri wa kozi, mtu anakaa darasani kukamilisha daraja la cheti badala ya kujifunza kazi, mpaka mwaka 2022 wakaamua kurudi kwenye misingi, wakapunguza fani za kada hiyo kutoka 14 mpaka 6 na kupunguza kozi za lazima, nyingine mtu azichukue pale kazi inapozihitaji. Kwa hiyo ninapodai mafunzo sidai semina zaidi. Nadai mtu afundishwe kwa mafaili halisi, yale ya ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, ambayo kesi zake zimeshakwisha, apewe zabuni iliyoharibika aambiwe onyesha iliharibikia ukurasa gani, apelekwe kiwandani aone ngozi inavyokatwa na tairi linavyopimwa, akae mezani kwenye majadiliano ya mkataba akiwa mwandishi kabla hajawa msemaji. Mtihani wa kukariri vifungu unatoa mtu anayejua kukataa. Kazi ya kijeshi inahitaji anayejua kukataa na anayejua kusema ndio haraka, kwa sababu kikosi kikiwa mpakani hakiwezi kungoja siku zote za tangazo la zabuni kwa ajili ya kitu kilichoisha leo.

Hilo linanileta kwenye ule ubishi wa mwanajeshi au raia. Wapo wanaotaka kitengo kizima kiwe cha raia wenye usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, wapo wanaotaka maafande tupu. Mwanajeshi anajua buti inavyokuwa baada ya kilomita thelathini za matope na hilo raia hawezi kulipata kwenye kitabu. Raia anakaa kwenye dawati muda mrefu, haogopi nyota za aliyeleta ombi, au angalau anaogopa kidogo. Mimi naegemea mchanganyiko, lakini kwa sharti ambalo naona linasahaulika, kwamba wa kufundishwa kwanza sio afisa ugavi, ni kamanda. Manunuzi mabovu mengi yanazaliwa kwenye idara tumizi, pale mkubwa anapoandika nataka gari aina fulani badala ya kuandika nataka kubeba watu kumi na mbili kwenye njia isiyo na lami msimu wa mvua, na akishataja aina fulani mchakato mzima wa zabuni unakuwa ni kutafuta uhalali wa kile alichokwisha kuchagua. Luteni kanali asiyejua kueleza hitaji lake atamlaumu mtu wa manunuzi maisha yake yote kwa kuchelewa, na mtu wa manunuzi atakuwa anachelewa kweli, anarudisha karatasi kurekebishwa mara ya tatu.

Na kwa hili kanda yetu ina bahati ambayo sijaona ikijadiliwa. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi kipo Monduli, maafisa wanafunzi wake wanasoma Shahada ya Sayansi ya Kijeshi kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha, pale Njiro, chuo ambacho kinafundisha pia ununuzi na ugavi. Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kipo Duluti. Ushirika Moshi wanatoa shahada ya ununuzi, ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi, wapo hapa hapa mjini na wamekuwa wakifundisha mameneja wa Afrika Mashariki na Kusini miaka mingi, na mikutano ya wataalamu wa ununuzi wa nchi hii imeshaitishwa kwenye kituo cha mikutano cha AICC mara nyingi tu. Vyote hivi vipo ndani ya mwendo wa gari wa asubuhi moja. Kadeti wa Monduli anaweza kufundishwa kuandika hitaji kabla hajafundishwa kulalamika kwamba ugavi umechelewa, na meja anayepita Duluti kuelekea ukamanda anaweza kuwekewa mezani mkataba mmoja wa matengenezo ya magari wa miaka mitano, achambue nani atabeba hasara vipuri vikipanda bei. Hizo ni saa chache za darasa ndani ya kozi ambazo tayari zipo na zinalipiwa.

Sheria hatuna upungufu nayo na mfumo upo. Kilichobaki ni Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa kukaa na PSPTB na PPRA waandike orodha ya nafasi za ununuzi jeshini ambazo mtu asizikalie mpaka awe na sifa zilizotajwa, waseme atakaa hapo miaka mingapi, na waonyeshe ngazi ya cheo inayofika juu kabisa kwa anayechagua njia hiyo. Hata kama orodha itaanza na nafasi za chakula, mafuta na sare tu, ambazo hazina siri yoyote ndani yake, inatosha kuanzia, na mwaka wa fedha unaokuja sio mapema mno.